Mwenye Wazimu si Mtu wa Boloko

Nani kati yetu hapa Kasenga hajapata kumwona mtu mwenye wazimu akipita barabarani, nguo zake zimechanika, watoto wakimfuata na kumtupia mawe? Siku moja anachukua samaki sokoni bila kulipa, au anavunja kibanda cha mtu. Watu wanapiga kelele, polisi wanaitwa, naye anapelekwa boloko. Jioni tunasema: «Afadhali, sasa tutalala.»

Lakini je, tumemaliza neno? Gereza halina dawa ya akili. Tena katika magereza ya nchi yetu mfungwa hutegemea sana chakula anacholetewa na jamaa zake. Basi yule aliyeachwa na jamaa atakula nini? Akitoka, anatoka na ugonjwa uleule, pengine umezidi. Baada ya siku chache anakamatwa tena.

Wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba shida hii ni yetu sisi peke yetu. Ulaya nako hapo zamani walifanya vivyo hivyo. Katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, wanaume wenye wazimu walifungwa minyororo ndani ya ngome ya kale iitwayo Geeraard de Duivelsteen. Mwaka 1807 padri mmoja wa mji ule, Petrus Jozef Triest, alianzisha shirika la Mafurere wa Karita. Mwaka 1815 shirika hilo lilikabidhiwa wagonjwa wale, na minyororo ikafunguliwa. Mwaka 1828 daktari Joseph Guislain aliwekwa kuwa mganga wao mkuu, akafanya kazi pamoja na Triest. Mwaka 1857 hospitali mpya ikafunguliwa kwa ajili yao. Tazameni vizuri: padri peke yake asingeweza, na daktari peke yake asingeweza. Wakubwa wa mji walitoa ruhusa, mafurere walitoa mikono yao, na daktari alitoa elimu yake.

Tuje sasa karibu na kwetu. Huko Uganda, katika miaka ya 1920, wagonjwa wa akili waliwekwa katika sehemu ya gereza la Hoima. Ugonjwa wao haukuwa wizi wala uuaji. Ila hapakuwa na nyumba nyingine ya kuwapokea. Katika miaka ya 1930 walihamishiwa Mulago, mjini Kampala, na mwaka 1955 hospitali ya Butabika ikafunguliwa. Safari hiyo ya kutoka gerezani hadi hospitalini ilichukua miaka karibu thelathini.

Katika nchi ya Rwanda, mwaka 1968, serikali, Kanisa na Mafurere wa Karita walipatana kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili huko Ndera, karibu na Kigali. Wagonjwa wa kwanza walipokewa mwaka 1972. Mafurere hao walianzisha pia kituo cha Kamenge mjini Bujumbura, mji ambao taa zake tunaziona usiku kutoka ufukoni kwetu. Mwaka 1994, watu wengi sana walipoikimbia Rwanda na kuingia Kivu wakiwa na majeraha ya mwili na ya moyo, kituo cha SOSAME kilianzishwa mjini Bukavu, nacho kikawekwa mikononi mwa mafurere walewale.

Basi nyumba za kuwatibu zimekuwako upande huu na upande huu. Mbona bado tunawaona wagonjwa gerezani? Ni kwa sababu kati ya soko la Kasenga na mlango wa hospitali kuna njia ndefu, na njia hiyo hakuna mtu mmoja awezaye kuitembea peke yake. Polisi anaweza kumkamata mgonjwa, lakini hana dawa. Mganga anayo dawa, lakini hajui kama mgonjwa yuko rumande. Jamaa wanajua ugonjwa ulianza lini, lakini wamechoka, wana haya, na nauli ya kupanda mpaka Bukavu hawana. Hakimu anaweza kuamuru mtu atibiwe, lakini nani atamweleza kwamba huyu ni mgonjwa? Kila mmoja ameshika kipande cha kamba. Visipofungwa pamoja, mgonjwa anaanguka katikati, na mahali anapoangukia ni boloko.

Kufika hospitali nako si mwisho. Dawa za ugonjwa huu mara nyingi humezwa kila siku, kwa miezi au kwa miaka. Mtu akirudi nyumbani ametulia, halafu dawa zikaisha, au majirani wakamcheka na kumkataa, ugonjwa hurudi. Nasi tumeona jinsi njia zinavyoweza kufungwa: mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba nyingi hapa Uvira, na Februari 2025 vita viliingia Bukavu penyewe. Siku kama hizo majirani ndio hospitali ya kwanza.

Kwa hiyo tusingoje mpaka kelele za sokoni. Katika kila shirika la mtaa wachaguliwe watu wawili au watatu wanaojua nyumba zenye wagonjwa. Wajuane na mganga wa kituo cha afya, na mkubwa wa polisi, na chifu wa mtaa. Mgonjwa akikamatwa, waende siku ileile kueleza habari zake, pamoja na jamaa. Wachange nauli. Akirudi, wamkumbushe dawa, wampe kazi ndogo, wamwite kwa jina lake.

Huko Gent wafungwa wale hawakufunguliwa kwa nguvu za mtu mmoja. Na huyu wetu, aliyelala leo rumande bila kosa analolielewa, anangoja nani?