Kikomo cha kungoja: istilahi kwa mafundi wa Kasongo na Kabambare

Kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kompyuta ikikawia, wa kwanza kulaumiwa ni rezo. Neno hilo la asili ya Kifaransa hubeba mengi: mawimbi ya simu, intaneti, waya wa ofisini, hata dishi la setilaiti juu ya paa. Rezo haiko, watu husema, na uchunguzi unaishia hapo. Lakini kuna kukawia kwa aina moja ambako lawama hiyo hukuficha. Fundi anaandika jina na nenosiri ili aingie kwenye seva ya Linux, anangoja sekunde kumi bila dalili yoyote, kisha anakubaliwa, na tangu hapo kila amri inatekelezwa papo hapo. Mtandao mzito haufanyi hivyo. Mtandao mzito huwa mzito mwanzo hadi mwisho.

Istilahi inayofaa hapa ni kikomo cha kungoja: muda uliopangwa mapema ambao programu itangoja jibu, na ukipita bila jibu, programu inaacha kungoja, ikarudia swali, ikashika njia nyingine au ikatangaza kosa.

Zipo programu za Kiswahili zinazoandika tu kwamba muda umekwisha. Kwa tangazo la skrini maneno hayo yanatosha. Kwa istilahi hayatoshi, kwa sababu hayasemi ulikuwa muda wa nini, wala kwamba kuna aliyeupanga. Kompyuta za Kifaransa, ambazo mafundi wa Kongo wamezizoea, hutaja muda wa kungoja uliopitwa. Kikomo cha kungoja hushika mambo yote mawili, tendo na mpaka wake, na hutumika kwa urahisi katika sentensi: kikomo hufikiwa, hupunguzwa, huongezwa, huondolewa.

Tena kungoja ni neno linaloeleweka Kasongo kama linavyoeleweka Unguja. Jambo hilo si dogo. Kasongo ni mji wa Kiswahili tangu mfanyabiashara Tippu Tip alipoufanya makao yake katika miaka ya 1870, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilichokua huko, Kingwana, kina umri mkubwa kuliko vyombo vyote vinavyotunga istilahi leo. Msamiati wa kompyuta ukiishia Dar es Salaam na Nairobi, unawanyima wasemaji hao haki yao.

Kungoja kwenyewe kunatoka wapi? Mgeni anapofika, seva inaona namba tu, kwa mfano 192.168.1.20. Baadhi ya huduma hutaka pia kujua jina la mwenye namba, hivyo huiuliza seva ya majina, sehemu ya mfumo wa DNS uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Ni kama mwenye nyumba anayemwacha mgeni mlangoni na kumtuma mtoto kwa jirani aulize jina la mgeni huyo, kumbe jirani alihama zamani. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, kila swali hungojewa sekunde 5, nalo huulizwa mara mbili. Seva ya majina ikiwa moja na imekufa, jumla ni sekunde 10. Ndiyo sababu muda wa kukawia huwa uleule asubuhi na jioni, na huo usawa ndio ushahidi wa kwanza.

Dishi je? Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 angani. Swali na jibu kupanda na kushuka hutumia karibu nusu sekunde. Umbali huo hauwezi kumngojesha sekunde kumi fundi aliyekaa chumba kimoja na seva.

Mara nyingi kosa liko katika mistari michache ya maandishi. Ofisi imebadilisha mtoa huduma wa intaneti, lakini faili ya /etc/resolv.conf bado inataja seva ya majina ya yule wa zamani. Au mashini imepewa jina jipya, na jina hilo halikuandikwa katika /etc/hosts. Hapo amri ya sudo nayo hukawia, ikitafuta jina la mashini yake yenyewe. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, iliacha kuuliza jina la mgeni kwa chaguo-msingi tangu toleo la 6.8, Machi 2015, lakini seva za zamani bado huuliza mpaka ziandikiwe UseDNS no.

Kupima ni rahisi. Amri ya ssh -v huonyesha hatua ambayo kuingia kumesimama. Amri ya time getent hosts, ikifuatwa na namba ya mgeni, hupima muda wa kutafuta jina. Ikitoa sekunde 10, mkosaji amepatikana.

Dawa ya kwanza ni kusahihisha anwani ya seva ya majina. Inafaa kufanya hivyo kwenye programu inayosimamia mtandao, kama NetworkManager, kwa sababu mara nyingi ndiyo huiandika upya resolv.conf na kufuta marekebisho ya mkono. Ya pili ni kuziandika kompyuta za ofisini katika /etc/hosts. Kupunguza kikomo chenyewe kunahitaji uangalifu zaidi. Palipo na nyaya za kasi, sekunde 1 inatosha. Kwa anayetumia dishi la setilaiti za aina hiyo Kabambare, ambako jibu zuri nalo huchukua zaidi ya nusu sekunde, kikomo hicho kitakata majibu halali kila msongamano unapozidi. Sekunde 2 au 3 ni salama zaidi.

Mafundi na walimu wa kompyuta wa Kasongo na Kabambare, basi, waliingize neno hili katika daftari la hitilafu. Badala ya kuandika rezo mbaya, waandike kikomo cha kungoja kimefikiwa, sekunde ngapi, na ni seva ipi haikujibu. Fundi wa zamu inayofuata atajua aanzie faili gani.