Msimu wa 1994: Gari la Dukani ni Lipi?

Miongoni mwa istilahi za michezo zinazotusumbua ni ile inayotaja gari litengenezwalo kiwandani kwa wingi ili liuzwe kwa umma, kinyume cha lile liundwalo kwa ajili ya mashindano tu. Wapo wanaosema "gari la uzalishaji". Hatuwezi kuliafiki pendekezo hilo, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atadhani ni gari la kubebea mali ghafi. Wengine husema "gari la kawaida", nasi tungeliridhia jina hilo lau si mambo yaliyotokea Uingereza mwaka 1994, ambapo msimu mzima wa mbio ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya maana ya maneno hayo. Tunaona yafaa kuyaeleza hapa.

Mashindano ya ubingwa wa Uingereza ya magari ya namna hiyo yalianza mwaka 1958. Tangu 1991 yalikuwa ya magari yenye injini ya lita 2 tu, na injini hiyo haikuruhusiwa kuzunguka zaidi ya mara 8,500 kwa dakika. Ndani, fundi alikuwa na uhuru mkubwa. Lakini kwa nje bodi ilipaswa kubaki na umbo lile lile linaloonekana mitaani. Utamu wa mchezo ulikuwa hapo. Mtazamaji aliona Ford, Renault, Vauxhall na BMW zikigombea kona, na huenda mojawapo ilifanana na ile aliyoiacha nje ya uwanja.

Mwaka 1994 Alfa Romeo ya Italia iliingia na gari lake la 155, likiendeshwa na Gabriele Tarquini na Giampiero Simoni. Kanuni zilisema kwamba umbo la bodi litakubaliwa ikiwa yametengenezwa magari 2,500 ya umbo hilo kwa ajili ya kuuzwa. Kiwanda kikatengeneza toleo maalumu, na huko Uingereza likauzwa kwa jina la Silverstone, yaani jina la uwanja maarufu wa mbio. Toleo hilo lilikuwa na ubao chini ya bampa ya mbele ulioweza kusogezwa mbele, na bawa nyuma. Bali vipande vya kulinyanyulia bawa hilo havikufungwa mahali pake. Mnunuzi alivikuta butini.

Bawa la ndege huinua. La gari la mbio limepinduliwa, nalo huligandamiza gari chini ili matairi yashike barabara katika kona kali. Likinyanyuliwa juu ya upepo uliovurugwa na paa, kazi yake huongezeka. Tarquini alishinda mbio tano za kwanza mfululizo.

Wapinzani wakalalamika, na hoja yao ilikuwa hoja ya lugha hasa. Gari lililouzwa, walisema, ni lile lenye bawa lililoshushwa. Waitalia wakajibu kwamba kila kipande kilitoka kiwandani, kikapita dukani, kikalipiwa na mnunuzi. Je, kilichomo butini ni sehemu ya gari au ni mzigo? Wasimamizi waliamua kwamba mabawa yashushwe, na mwishoni mwa Mei, huko Oulton Park, Alfa Romeo walifunga virago kabla ya mbio wakaondoka. Baadaye walirejea kwa mapatano, na tangu Julai wakakimbia bila ya nyongeza zile. Ushindani ulikuwa mkali zaidi katika nusu hiyo ya pili, hata hivyo Tarquini alitwaa ubingwa kwa ushindi wa mara nane katika mbio 21, akifuatwa na Alain Menu wa Renault.

Jambo jingine la msimu ule lilichekesha wengi. Volvo, ambayo watu wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa ushindi wa Joginder Singh na nduguye Jaswant katika mbio za Safari za 1965, ilileta gari la familia lenye nafasi ndefu ya mizigo nyuma. Halikushinda hata mara moja, ila hakuna aliyeuliza kama lilikuwa gari la kawaida. Mwaka 1995 mabawa yaliruhusiwa kwa wote, Volvo ikaliacha gari hilo, na ubingwa ukaenda kwa John Cleland wa Vauxhall.

Sisi tunapendekeza "gari la dukani". Neno "kawaida" halisemi ni kawaida ya nani, na hesabu ya 2,500 haitoshi kuwa fasili, kwa kuwa Alfa Romeo waliitimiza na ugomvi ukazuka vile vile. Fasili yetu ni hii: gari litengenezwalo kwa wingi na kuuzwa kwa yeyote, katika hali lilivyo siku anapokabidhiwa mnunuzi. Kwa fasili hiyo, umbo la Alfa Romeo ya Aprili 1994 halikuwa la gari la dukani. La Septemba lilikuwa. Baadhi ya wenzetu wanaona kwamba maneno "katika hali lilivyo" yanawaonea Waitalia, kwa kuwa hata gurudumu la akiba hukabidhiwa likiwa butini, wala hakuna asemaye kwamba si sehemu ya gari. Hoja hiyo bado hatujaijibu.