Ugonjwa wa Kongosho: Waganga Walijifunza Kungoja

Nyuma ya tumbo la chakula imelala tezi ndogo, jina lake kongosho. Hutoa maji makali ya kuyeyusha chakula katika utumbo. Pengine maji hayo huanza kazi yangali ndani ya tezi, yakaiunguza. Mgonjwa hushikwa ghafula na maumivu makali juu ya kitovu, yakipenya hata mgongoni, naye hutapika sana.

Mwaka 1889 Reginald Fitz, daktari wa Boston huko Marekani, alieleza wazi dalili za ugonjwa huo. Mwaka 1896 Hans Chiari wa Prague alifundisha kwamba kongosho hujila lenyewe. Mwaka 1901 Eugene Opie wa Baltimore alionyesha chanzo kimoja: kijiwe cha nyongo kilichoziba mlango ambamo nyongo na maji ya kongosho hutokea. Chanzo kingine kikubwa ni pombe.

Je, mgonjwa apasuliwe upesi? Fitz mwanzoni alikataza. Mwaka 1925 Berkeley Moynihan wa Uingereza alihimiza kupasua mapema. Lakini wengi waliopasuliwa walikufa. Kisha mwaka 1929 Robert Elman na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa huu waweza kutambulika kwa kupima damu. Ndipo waganga walipoona kwamba wagonjwa wengi hupona bila kisu.

Hata penye nyama iliyooza, kungoja kuna faida. Mwaka 2010 waganga wa Uholanzi walitangaza habari za wagonjwa 88 wa namna hiyo. Kundi moja lilipasuliwa. La pili lilitiwa kwanza mrija wa kutoa usaha. Waliopata madhara makubwa au kufa walikuwa 69 kwa mia katika kundi la kwanza, 40 kwa mia katika la pili.

Mpaka leo hakuna dawa ya kuuzima ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hupewa maji ya mshipani kwa kiasi, dawa ya maumivu, na chakula mapema akiweza kula. Zamani alishindishwa njaa. Kijiwe kikiwapo, huondolewa kwa wakati wake.

Basi ukishikwa na maumivu ya namna hii, nenda hospitali siku ile ile. Kungoja ni kazi ya daktari anayekesha karibu ya kitanda, si kazi ya mgonjwa aliye nyumbani.