Kirangozi, Mfumu na Mwanasaikolojia

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua mjini Leipzig, Ujerumani, maabara ya kuchunguza nafsi ya mwanadamu kwa vipimo, na tangu hapo elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, ikahesabiwa kuwa elimu ya peke yake. Wakati huo Tabora ulikuwa mji mkubwa wa misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Hapakuwa na mtu huko aliyeitwa mwanasaikolojia. Walakini kazi zake zilikuwapo, tena zimegawanywa kwa watu mbalimbali, kila mmoja na mlango wake.

Wa kwanza ni kirangozi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani yapata kilo 32, kwa majuma mengi, akivuka pori la Mgunda Mkali penye uhaba wa maji. Hofu kubwa ya mwenye msafara ilikuwa wapagazi kutoroka, na bunduki haikutosha kuwazuia, kwani aliyekata tamaa hakosi kichaka cha kujificha. Kirangozi alitangulia na bendera, amevaa nguo nyekundu. Aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Nyuma yake zilikuja ngoma na nyimbo. Hayo hayakuwa mapambo matupu. Hatua zikifuata wimbo, uchovu husahauliwa kitambo. Na fahari ya kijana wa Unyamwezi, ambaye hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka aione pwani, ilitiwa nguvu kila siku mbele ya wenzake. Hugo Münsterberg, aliyeandika mwaka 1913 juu ya saikolojia na kazi za viwandani, alishughulika na mambo ya jamaa moja na haya: uchovu, bidii, na namna ya kumchagua mtu afaaye kwa kazi.

Mfumu, yaani mganga aaguaye, alikuwa na mlango mwingine. Kirangozi mwenyewe alimwendea kutafuta kinga kabla ya safari. Waliosumbuliwa na pepo waliagizwa waingie katika chama cha Baswezi, wakapata humo ngoma, jina na ndugu wapya. Mtu aweza kukataa habari za pepo asikatae kwamba mgonjwa aliyekuwa peke yake sasa ana watu.

Hata hivyo palikuwa na pengo. Mwaka 1873 W. E. Dillon, daktari wa jeshi la maji la Uingereza, alikaa Tabora pamoja na Cameron, akidhoofishwa na homa na maradhi ya macho. Mwezi wa Oktoba Susi na Chuma walifika na maiti ya Livingstone, na Dillon akafuatana na Murphy kurudi pwani. Mwezi wa Novemba, njiani huko Kasekera, akiweweseka kwa maradhi, alijiua. Si haki kumlaumu Murphy. Katika msafara wenye kiongozi, wabebaji na walinzi, hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kukaa na mgonjwa wa fikira, kumsikiliza kwa lugha yake na kumweka mbali na silaha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikazimaliza kazi nyingi za kirangozi. Katika karne ya 20 milango ile ilipata majina mapya. Mwanasaikolojia wa shule hutazama kwa nini mtoto mwenye akili ashindwa masomo. Wa kazi huchunguza uchaguzi na uchovu wa wafanyakazi. Wa tiba husikiliza, hupima na huongoza mgonjwa kwa mazungumzo, na kwa desturi hatoi dawa, kwani hiyo ni amana ya daktari wa maradhi ya akili. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, katika nchi ya Wagogo ambayo misafara ilipita, na Isanga, iliyo chini yake, hupokea watu wenye maradhi hayo walioshitakiwa mahakamani. Huko fundi wa nafsi hutakiwa pia kuisaidia sheria kujua mtu alikuwa katika hali gani alipotenda. Mgonjwa atokaye Tabora aweza kufika huko kwa reli, akiwa mara nyingi amekwisha kupita kwa mganga; na anayempokea hana budi kuuliza aliambiwa nini huko, na nani amekuja naye.