Sadini na Dagaa: Historia ya Jina

Aghalabu historia kubwa hujificha ndani ya kitu kidogo, na kopo la sadini ni kitu cha namna hiyo. Mnunuzi hulitazama, akasoma jina lililoandikwa juu yake, akaamini kwamba ndani mna samaki wa aina moja. Sivyo. Kwa jina hilo huuzwa aina zaidi ya 20 za samaki, na kwa ajili ya jina hilo mataifa yamepelekana mashtakani. Tunaieleza habari hiyo hapa kwa kuwa ina funzo kwa lugha yetu na kwa jasho la wavuvi wetu.

Hapo awali sadini alikuwa samaki mmoja tu. Wataalamu humwita Sardina pilchardus, naye huishi katika Bahari ya Kati na katika Atlantiki, upande wa Ulaya na wa Moroko. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alitangaza njia ya kuhifadhi chakula kwa kukitia katika chombo, kukiziba barabara, kisha kukichemsha. Katika miaka ya 1820 Joseph Colin, wa mji wa Nantes, aliitumia njia hiyo kwa sadini, akiwafunga katika makopo ya bati. Viwanda vikaenea katika pwani ya Brittany, na jina la sadini likapata sifa hata katika masoko ya mbali.

Wahenga walinena, chema chajiuza. Jina lililokwisha kusifiwa huwavuta na wengine walitumie. Wanorwe walisindika samaki wao aitwaye brisling, wakamwita sadini. Huko Maine, Marekani, watoto wa heringi walifungwa makopo kwa jina lilo hilo. Katika bahari ya California na ya Peru alikuwapo samaki mwingine, Sardinops, naye akaitwa sadini. Wakati huohuo Wafaransa walipatwa na msiba: kuanzia mwaka 1902 samaki waliadimika katika pwani ya Brittany, na njaa ikaingia katika nyumba za wavuvi na za wanawake waliofanya kazi viwandani. Hapana shaka kwamba watu waliokosa samaki waliona uchungu zaidi kuona na jina lao likichukuliwa.

Ugomvi ukafika mahakamani. Mwaka 1915 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba brisling wa Norwe asiuzwe kwa jina la sadini. Mwaka 1989 Jumuiya ya Ulaya nayo ilitoa sheria kwamba jina hilo litumike kwa Sardina pilchardus peke yake. Peru, iliyokuwa ikisindika Sardinops, ilishitaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikashinda. Mwaka 2003 Ulaya ikairekebisha sheria yake.

Tuitazame hoja iliyoipa Peru ushindi. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 ili kuweka kanuni za vyakula duniani, ilikuwa imekwisha kusema hivi: Sardina pilchardus aitwe sadini bila ya nyongeza, wengine waliomo katika orodha waweze kuitwa sadini pia, mradi jina lifuatwe na sifa ya kuwapambanua, kama vile nchi, eneo au aina ya samaki. Kwa njia hiyo mvuvi wa Peru hanyimwi soko, na mnunuzi hadanganywi.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na kanuni hiyo, maana masoko yetu yaliijua zamani. Sisi nasi tuna jina moja lenye samaki wengi: dagaa. Dagaa wa Kigoma, Stolothrissa tanganicae, ni wa ukoo wa sadini hasa, ingawa huishi katika maji baridi ya ziwa. Dagaa wa Mwanza, ambaye Wajaluo humwita omena, si wa ukoo huo kabisa. Yeye ni jamaa ya ningu. Usipa wa Ziwa Nyasa pia ni jamaa ya ningu, ijapokuwa wataalamu walimpa jina Engraulicypris sardella, lenye kumtaja sadini. Dagaa mchele wa pwani ni wa ukoo mwingine tena. Na katika bahari yetu yumo Sardinella gibbosa, ambaye kwa kanuni ya Codex anastahili kufungwa kopo kwa jina la sadini.

Wazee wetu hawakuwa na orodha ya kitaalamu, lakini hawakusema dagaa wakanyamaza. Walisema dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, dagaa mchele. Neno hilo dogo la nyongeza si pambo la usemi. Ndani yake mna ziwa, mna taa za wavuvi usiku, mna mchanga au chanja walikoanikwa samaki. Muuzaji akiwauza dagaa wa kwingine kwa jina la Kigoma, humwibia mnunuzi fedha yake na mvuvi wa Kigoma sifa yake.

Basi walimu wanapofundisha majina ya vitu, na wafundishe pia nyongeza zake. Nasi tutakapofunga samaki wetu katika makopo na kuwapeleka nje, tusione haya kuandika juu yake walikotoka. Jina la kuazima huuza kopo la leo. Jina la kwetu, likitunzwa kwa kazi safi, litawauzia hata wajukuu.