Kutoka Malezi hadi Malazi: Historia ya Vyuo Binafsi vya Kidato cha Sita nchini Uingereza

1. Utangulizi

Miongoni mwa taasisi za elimu ya sekondari nchini Uingereza, chuo binafsi cha kidato cha sita ni taasisi changa. Hupokea vijana wenye umri wa miaka 16 hadi 19 na kuwafundisha kwa ada katika miaka miwili inayotangulia chuo kikuu. Baadhi yao ni wanafunzi wa kutwa, wanaokuja asubuhi na kurejea makwao jioni. Wengine hulala katika mabweni ya chuo, au katika nyumba za familia zinazolipwa ili kuwapokea. Ikumbukwe kwamba kidato cha sita cha Waingereza hujumuisha miaka yote miwili ambayo Tanzania huigawa katika kidato cha tano na cha sita.

Ni rahisi kukiona chuo cha namna hii kama tawi lililochipuka katika shina la shule kongwe za bweni. Insha hii inapinga mtazamo huo. Hoja yake kuu ni kwamba chuo binafsi cha kidato cha sita kilirithi ada na vitanda kutoka kwa shule hizo, lakini kazi yake kilirithi kwa walimu wa tuisheni wa karne ya 19. Ushahidi wa hoja hii umo katika historia ya bweni lenyewe. Katika shule kongwe bweni lilikuwa chombo cha malezi. Katika chuo cha tuisheni likawa malazi tu. Mageuzi hayo yana uzito hata nje ya Uingereza, kwa kuwa mfumo wa kidato cha tano na cha sita ungali hai nchini Tanzania, na swali la nini hasa kinatafutwa katika miaka hiyo miwili halijafungwa.

2. Kidato cha sita kama kilele cha malezi

Mtu anayehusishwa zaidi na kidato cha sita cha jadi ni Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi alipofariki mwaka 1842. Arnold hakuwaanzisha viranja, kwani walikuwapo kabla yake. Alichofanya ni kuwapa wavulana wa darasa la juu dhamana ya kimaadili juu ya wadogo wao. Yeye mwenyewe aliwafundisha, akawaamini, na kupitia kwao akatawala mabweni. Kwa mpangilio huo, mwanafunzi wa kidato cha sita alikuwa na kazi mbili: kusoma na kutawala. Kazi ya pili isingewezekana pasipo bweni, kwa sababu utawala wa viranja ulitekelezwa usiku, mezani na viwanjani kama ulivyotekelezwa darasani.

Nafasi ya bweni inadhihirika pia katika Tume ya Clarendon, iliyochunguza shule tisa kongwe kati ya mwaka 1861 na 1864. Saba kati yake zilikuwa hasa za bweni. Mbili, St Paul's na Merchant Taylors' za London, zilikuwa za kutwa. Sheria ya Shule za Umma ya mwaka 1868 ilizihusu zile saba pekee. Jina “shule za umma” lisimpotoshe msomaji, kwani zilikuwa shule za kulipia. Hata hivyo mgawanyo huo unaonyesha jambo: katika fikra za tabaka tawala, shule iliyostahili jina hilo ilikuwa ile iliyomlea kijana mchana na usiku.

Neno la Kiswahili “kidato” linasaidia kulieleza jambo hili. Kidato ni kipandio cha ngazi, nacho hakina maana kikiondolewa katika ngazi yake. Ndivyo kidato cha sita cha Arnold kilivyokuwa: kijana alikifikia baada ya kupitia vidato vya chini katika shule ileile, akiwa ametawaliwa kabla ya kutawala.

3. Walimu wa tuisheni na mitihani ya ushindani

Wakati shule za bweni zikiimarika, serikali ilikuwa ikibadilisha njia ya kuwapata watumishi wake. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipendekeza kwamba watumishi wa umma wateuliwe kwa mtihani wa ushindani. Mwaka 1855 utumishi wa kiraia nchini India ulifunguliwa kwa mtihani wa aina hiyo. Mwaka 1871 ununuzi wa vyeo vya uofisa jeshini ukakomeshwa. Nafasi ambazo awali zilipatikana kwa fedha au kwa kujuana sasa zilihitaji alama.

Shule kongwe hazikuwa tayari kwa mageuzi hayo. Muda wao mwingi ulitumika katika Kilatini na Kigiriki, na mtihani haukupima uongozi wa bwenini. Pengo hilo lilijazwa na walimu binafsi, hasa London, waliochukua vijana kwa miezi michache na kuwanoa kwa ajili ya mtihani mmoja. Winston Churchill, aliyesoma Harrow, alishindwa mara mbili mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Alifaulu mara ya tatu, mwaka 1893, baada ya kupelekwa kwa mwalimu wa tuisheni wa London aliyejulikana kama Kapteni James.

Mfano huo una funzo kubwa kuliko umaarufu wa mhusika. Familia yake haikuiacha Harrow kwa sababu ya kuidharau. Ilinunua kwa mwalimu mwingine kile ambacho Harrow haikukitoa. Tuisheni ilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, yaani malezi na matokeo. Mwalimu wa tuisheni hakuulizwa kijana aliamka saa ngapi wala alisali wapi. Aliulizwa kama alifaulu.

4. Mtihani wa somo mojamoja

Tuisheni ya karne ya 19 ilikuwa ya mitihani ya ajira. Ili iwe chuo cha kidato cha sita, ilibidi mtihani wa shule wenyewe ubadilike. Mwaka 1918 Uingereza ilikuwa na Cheti cha Juu cha Shule, ambacho mtahiniwa alikipata kwa kufaulu kundi la masomo kwa pamoja. Mwaka 1951 nafasi yake ilichukuliwa na mtihani wa kiwango cha juu, ambao wengi wanaujua kama A-level. Katika mtihani huu kila somo lilisimama peke yake. Aliyefeli kemia aliweza kuirudia kemia bila kugusa masomo mengine.

Hatua ya pili ilikuwa ya vyuo vikuu. Mwaka 1961 ulianzishwa mfumo mmoja wa kitaifa wa kupokea maombi ya kujiunga na vyuo hivyo. Mwaka 1963 Ripoti ya Robbins ilitetea upanuzi wa elimu ya juu kwa kila mwenye uwezo na nia, na mwaka huohuo madaraja ya A hadi E yakaanza kutumika katika mtihani wa kiwango cha juu. Tangu hapo nafasi ya chuo kikuu iliweza kutajwa kwa herufi. Tofauti ya daraja moja katika somo moja ilitosha kumfungia mtu mlango wa udaktari au uanasheria.

Mambo haya matatu, yaani somo linalojitegemea, madaraja ya herufi na mashindano ya kuingia chuo kikuu, ndiyo yaliyokiondoa kidato katika ngazi yake. Serikali nayo ilichangia kwa njia nyingine. Waraka namba 10 wa mwaka 1965, uliohimiza shule za sekondari zisizochagua wanafunzi kwa mtihani, ulitaja chuo cha kidato cha sita kuwa mojawapo ya miundo inayokubalika. Chuo cha kwanza cha umma cha namna hiyo kilifunguliwa Luton mwaka 1966. Baada ya hapo, wazo kwamba kijana wa miaka 16 angeweza kuhama shule na kumalizia masomo mahali pengine halikuwa geni tena.

5. Njia mbili za chuo binafsi

Vyuo binafsi vilivyofuata vilikwenda kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza inawakilishwa na Atlantic College, iliyofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's, pwani ya Wales. Mwasisi wa fikra yake, Kurt Hahn, alikuwa mwalimu Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kuanzisha shule ya Gordonstoun nchini Scotland mwaka 1934. Aliamini kwamba vijana wa mataifa mbalimbali wakiishi pamoja na kuokoa maisha ya watu baharini wangejifunza amani kwa vitendo. Mkuu wa kwanza wa chuo, Desmond Hoare, alitoka katika jeshi la majini, na mashua za mpira zenye kitako kigumu zilizobuniwa chini ya uongozi wake zilikuja kuigwa na waokoaji wa baharini. Mwaka 1971 chuo kiliiacha mitihani ya Uingereza na kuchukua mtaala wa kimataifa wa baccalaureate. Hapa bweni lilikuwa somo. Hahn alikuwa amekiondoa kidato katika ngazi, lakini akakijengea jumuiya mpya.

Njia ya pili ilianzia katika vyumba vya kupanga vya mijini. Mander Portman Woodward ilianza London mwaka 1973, na d'Overbroeck's ikaanza Oxford mwaka 1977. Vyuo vya kundi hili vilijengwa juu ya tuisheni: madarasa madogo, mazoezi ya mtihani ya mara kwa mara, na wanafunzi wengi waliokuja kurudia somo moja au mawili. Sare za shule hazikuwa kawaida, na uhusiano kati ya mwalimu na mwanafunzi ulifanana zaidi na ule wa chuo kikuu. Kijana aliyechoshwa na viranja na kengele aliliona hilo kama ukombozi, na si haki kulipuuza. Wapo waliofanikiwa kwa sababu tu hatimaye walitendewa kama watu wazima.

Mwanzoni wengi walikuwa wa kutwa. Mahitaji ya malazi yaliongezeka kadiri wanafunzi walivyotoka mbali, wakiwamo wa kutoka ng'ambo walioitafuta Uingereza kwa ajili ya vyuo vikuu vyake. Chuo kilikodi nyumba au kutafuta familia za kuwapokea. Bweni hapa halikutokana na falsafa yoyote ya malezi. Lilitokana na umbali.

6. Bweni mbele ya sheria

Kadiri vyuo vilivyokubali kuwalaza vijana, dola ilianza kuuliza nani aliwajibika kwao. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 iliwapa wenye shule binafsi za bweni wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wanaolala humo, na Sheria ya Viwango vya Huduma ya mwaka 2000 ikapanua usimamizi huo hadi vyuo vinavyowalaza wanafunzi walio chini ya miaka 18. Hivyo malezi, yaliyokuwa yametolewa kwa mlango wa mbele, yalirudi kwa mlango wa sheria, ingawa kwa sura nyembamba zaidi. Sheria iliweza kudai usalama, chakula na mahali pa kupeleka malalamiko. Haikuweza kudai kwamba kijana apewe dhamana juu ya wenzake.

Hata ulinzi huo una ufa. Kanuni za Uingereza kuhusu watoto wanaolelewa kwa makubaliano binafsi nje ya familia zao huwahusu hasa walio chini ya miaka 16. Mwanafunzi wa miaka 17 kutoka ng'ambo anayelala kwa familia asiyoifahamu huwa nje ya kanuni hizo, na usalama wake hutegemea zaidi uangalifu wa chuo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, serikali ilitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya masomo na malazi ya shule binafsi. Katika hesabu za kodi, darasa na kitanda vimekuwa huduma mbili zinazouzwa kwa ankara moja.

7. Urithi katika Afrika Mashariki

Tawala za kikoloni zilileta Afrika Mashariki mitihani ya Uingereza pamoja na kidato chake cha sita. Kenya ilikiacha ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na mtihani wake wa mwisho wa kiwango cha juu ulifanyika mwaka 1989. Tanzania ilikibakiza, lakini ikalipa bweni maana yake yenyewe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikosoa shule zinazomtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea, ikataka kila shule iwe jumuiya ya kazi. Utaratibu wa serikali wa kumpangia kijana wa tahasusi fulani shule ya bweni katika mkoa wa mbali uliwakutanisha watu wa makabila na dini mbalimbali chini ya paa moja. Hilo lilikuwa wazo la malezi: kiranja wa Arnold aliandaliwa kuitawala himaya, na mwanafunzi wa Tanzania aliandaliwa kuwa raia mwenza.

Pembeni ya bweni hilo, hata hivyo, umekua mfumo mwingine. Mtahiniwa wa kujitegemea anayerisiti somo moja katika kituo cha tuisheni cha Dar es Salaam anafanya kile kilichofanywa na wenzake wa London miaka ya 1970, na kwa sababu ileile: somo linalosimama peke yake hutafutiwa mwalimu peke yake. Tofauti kubwa ni kwamba wa London alitoka katika familia yenye uwezo wa kulipa ada kubwa, ilhali wa Dar es Salaam mara nyingi ni yule aliyekosa nafasi katika bweni la serikali.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba chuo binafsi cha kidato cha sita si shule ya bweni iliyopunguzwa vidato vya chini. Ni tuisheni iliyopewa anwani ya kudumu na kisha vitanda, baada ya mtihani wa mwaka 1951 kuwezesha kila somo kutafutwa peke yake. Atlantic College inathibitisha kwamba matokeo hayo hayakuwa ya lazima: miaka miwili inatosha kujenga jumuiya iwapo jumuiya ndiyo inayokusudiwa. Kwa Tanzania, ambako bweni la kidato cha tano na cha sita limebeba kazi ya kuunganisha taifa, hatari haimo katika kuwapo kwa tuisheni. Imo katika kuliacha bweni liendelee kwa jina huku likigeuka malazi ya watahiniwa, pasipo mtu yeyote kuamua kwamba iwe hivyo.