Ukoga si Ugaga

Watafsiri wa vitabu vya afya wakifika kwenye ule utando laini unaojijenga juu ya meno, kila mmoja hushika njia yake. Kuna anayeandika "plaki", kuna anayeandika "utando wa bakteria". Neno tunalo siku nyingi: ukoga. Mama wa Bagamoyo anayemzuia mwanawe asiende madrasa na ukoga mdomoni hahitaji kamusi.

Kinachowatia shaka ni kwamba ukoga umezoeleka kuwa uchafu wa manjano, ilhali utando huu mwanzoni hauna rangi ya kuonekana, wala si mabaki ya chakula. Ni bakteria hai, walioshikamana na jino kwa gundi ambayo baadhi yao huitengeneza kutokana na sukari. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa Delft, aliukwangua kwenye meno yake, akauweka chini ya lenzi, akaona vijidudu vikicheza. Mimi hoja ya rangi hainishawishi. Malaria kwa Kiitaliano ni hewa mbaya, na hakuna daktari aliyeliacha neno hilo baada ya mbu kujulikana.

Ukoga ukiachwa siku kadhaa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga. Hapo mswaki hauna kazi tena, uwe wa dukani au kijiti cha mti wa mswaki. Ugaga hukwanguliwa na daktari kwa vyombo vyake. Ndiyo maana kipeperushi kinachochanganya maneno haya mawili huleta madhara: msomaji atasugua ugaga mpaka fizi zitoke damu.

Madoa ni habari nyingine. Kahawa ya barazani na tambuu hupaka meno rangi bila kuyatoboa, ingawa popoo yenyewe imetambuliwa na wataalamu wa saratani duniani kuwa inasababisha saratani. Madoa ya kahawia ya watu wa Arusha, yatokanayo na floraidi nyingi katika maji ya utotoni, yamo ndani ya jino, hivyo hayasuguliki.

Kahawa chungu ina mwenzake, kashata, na hapa ndipo ukoga unapopata riziki. Bakteria hula sukari, hutoa asidi, na kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, jino huanza kupoteza madini. Dalili ya kwanza ni doa jeupe lililofifia kama chaki. Daktari hulikausha jino kwa hewa ndipo alione kwenye kioo chake kidogo. Halina tundu, haliumi, na dawa ya meno yenye floraidi bado inaweza kulirudishia madini. Kwa hiyo "kutoboka" hakutoshi kuwa istilahi, kwani kunataja mwisho wa safari. "Kuoza" kunafaa zaidi, japokuwa daktari atapata kazi kumweleza mgonjwa kwamba jino lisilouma limeshaanza kuoza.